Hisayo na Mwanasesere wa Mahameli Nyekundu

Hisayo Karatani ana mikono kama ya mpakua mizigo bandarini, na kwa mikono hiyo anasafisha wanasesere wenye urefu wa shibiri moja. Wateja wanaomtumia kazi kutoka mikoa ya mbali hawajui mikono hiyo aliipatia wapi. Mimi najua, maana duka langu la dobi hapa Sakai, jirani na Osaka, Japani, limepakana na nyumba iliyokuwa bweni la wanamieleka, na nguo zao nilizifua mimi kwa miaka kumi na miwili. Niliosha damu nyingi kuliko muuguzi.

Aliingia bweni lile mwaka 1979, ana miaka kumi na sita, na begi moja la shule. Lilikuwa kundi dogo la mieleka ya wanawake, wasichana kumi na wanne, chini ya bosi mmoja aliyeitwa Tachiki. Asubuhi ya kwanza dada mkubwa wa kundi alimlaza chali sakafuni, akapanda juu ya tumbo lake na viatu vya ulingoni, akamwamuru ahesabu mpaka hamsini. Hisayo alitapika alipofika thelathini.

"Tumbo la mwanamieleka ni meza," dada mkubwa akamwambia. "Umeshaona meza inatapika?"

"Hapana, dada mkubwa."

"Basi pangusa, tunaanza upya."

Ndivyo walivyolelewa. Fimbo za mianzi mgongoni, makofi ya kuamshia, mapigo ya kiwiko kifuani mpaka ngozi ikawa rangi ya biringanya. Aliyelia aliongezewa. Aliyetoroka alifuatwa stesheni ya treni na kurudishwa kwa kushikwa nywele, na mimi niliona kwa macho yangu, sikusema kitu, kwa sababu kila mtu mtaani alijua na hakuna aliyesema kitu.

Mwezi uleule aliingia msichana mwingine, Chizuru Oike, binti wa mhunzi wa visu wa mtaa wa nyuma. Chizuru alikuwa mwembamba, mwepesi, na mdomo wake ulimtia matatani kila siku. Alipigwa mara mbili ya wenzake, na alipomaliza kupigwa alimwambia aliyempiga, "Pole, mkono umekuuma?" Yeye na Hisayo walilala godoro kwa godoro. Mmoja alimpaka mwenzake dawa mgongoni, mwenzake akampaka yeye. Mshahara wao wa kwanza Hisayo alikula wote, madonge ya pweza na tambi. Chizuru alinunua mwanasesere.

"Una miaka mingapi wewe?" Hisayo alimcheka.

"Kumi na sita. Na huyu ana kumi na mmoja, na hakuna mtu atakayemkanyaga tumbo."

Alikuwa mmoja wa wale wanasesere wa plastiki laini, wa kubadilishwa nguo, wenye macho makubwa na mdomo mdogo, ambao wasichana wa umri wao wote walikuwa nao au walitamani kuwa nao. Chizuru alitafuta wale wa mwanzo kabisa, wa miaka ya sitini. Baada ya miaka minne alikuwa nao saba juu ya rafu. Mmoja wao, aliyempenda kuliko wote, alimshonea vazi la ulingoni kwa kipande kilichobaki cha vazi lake mwenyewe: mahameli nyekundu, nyekundu kali kama pilipili. Kitambaa hicho nilikuwa nakifahamu. Kila nilipokifua kilichuja, na maji ya beseni yakawa kama ya machinjioni.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, Julai 1984, kwenye ukumbi wa mazoezi wa mji, watu mia saba na joto la kuchemsha mayai. Bosi Tachiki alikuwa amewapambanisha marafiki wawili kwa makusudi, maana watazamaji walianza kuchoka. Aliwaita pembeni akawaambia waumizane kweli. "Watu wamekuja kuona damu," alisema. "Mkiwapa mchezo wa watoto, kesho mnarudi kwenu."

Nilikuwa safu ya nne. Dakika za kwanza walipigana kama walivyozoea, kishindo kikubwa na madhara madogo. Halafu Chizuru akamchapa Hisayo kofi la sikio kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, kama kikombe. Kofi la namna hiyo si la maonyesho. Ngoma ya sikio ilipasuka palepale. Hisayo aliyumba, akaweka kidole sikioni, akakitazama, kina damu. Chizuru alikuwa anatabasamu.

Hisayo alimvamia. Alimgonga kichwa kwenye nguzo ya kona mara tatu, paji likachanika, damu ikamjaa Chizuru machoni asione. Ukumbi mzima ulisimama ukipiga kelele. Kisha Hisayo alimkumbatia kiunoni, akamwinua, akampindua kichwa chini miguu juu, akarudi naye kinyumenyume kwenda sakafuni. Katika mtupo ule kuna mkono unaotakiwa kubaki nyuma ya shingo ya mwenzako mpaka mwisho. Ndio unaotenganisha mieleka na mauaji. Mkono huo Hisayo hakuuweka.

Sauti ilikuwa ndogo tu, kama tawi kavu chini ya kiatu. Miguu ya Chizuru iliangukia upande mmoja ikalala, na vidole vyake vilikuwa vimekunjika ndani. Macho yalikuwa wazi. Hisayo alipiga magoti juu yake akawa anamtingisha bega, anamwambia, "Inuka, Chizu, inuka, nisamehe, inuka," mpaka mwamuzi akamvuta.

Shingo ilikuwa imevunjika. Chizuru aliishi, lakini miguu ilikufa, na vidole vya mikono pia. Mabega na viwiko vilimbakia. Alikuwa na miaka ishirini na moja.

Hisayo hakupanda ulingoni tena. Bosi hakumfukuza, alimfanya wa kubeba nguzo na kufagia. Sikio la kushoto halikusikia tena vizuri. Kila Jumapili alikwenda kwa miguu mpaka nyumba ya mhunzi Oike kuomba radhi, na kila Jumapili mlango ulifungwa mbele yake, kwa sababu Chizuru alikuwa bado hospitali na baba mtu hakutaka hata kumwona.

Chizuru alirudi nyumbani baada ya miezi kumi na minne. Jumapili hiyo Hisayo alikwenda, akapiga magoti barabarani mbele ya karakana. Mzee Oike alitoka na mpini wa nyundo. Alimpiga wa kwanza mgongoni. Hisayo alifunga mikono nyuma akaushika mkono mmoja kwa mwingine. Wa pili ubavuni. Wa tatu ulitua begani, mfupa wa mtulinga ukavunjika, na sisi majirani tuliokuwa mlangoni tuliusikia. Mzee mwenyewe machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa ameshainua mpini kwa mara ya nne.

"Baba!" Sauti ilitoka ndani. "Baba, usimuue. Nina kazi naye. Mlete huku."

Hisayo aliingia akiwa ameushika mkono wa upande wa bega lililovunjika. Chizuru alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya meza ya chini, na juu ya meza kuna sanduku la karatasi ngumu. Wasichana wa bwenini walikuwa wamekusanya wanasesere wake wakawatia humo, wakawasukuma kabatini, chini ya paa la bati, majira mawili ya joto la Osaka. Sita walikuwa salama. Wa saba alikuwa amelala na vazi lake la mahameli mwilini muda wote huo.

"Mvue," Chizuru alisema.

Hisayo alimvua kwa mkono mmoja. Chini ya vazi mwanasesere alikuwa mwekundu. Si wekundu wa juujuu wa kufutika. Tumbo, nyonga, mapaja mpaka magotini, rangi ilikuwa imezama ndani ya plastiki, kama mtu aliyechunwa ngozi.

Chizuru alimpiga yule mwanasesere kwa kigasha, akamrusha kutoka mezani, akamgonga Hisayo kifuani. "Mimi sina vidole. Wewe unavyo, vyote kumi. Mwoshe."

"Nitamwosha, Chizu."

"Usiniite Chizu. Mwoshe, mlete akiwa mweupe, au usirudi."

Alimleta kwangu, bila kupitia kwanza kwa daktari. Nilimwona mlangoni, bega limevimba kama mkate, mwanasesere mkononi.

"Mama Sakae, wewe ni dobi. Hii inatokaje?"

"Peleka kwanza hilo bega."

"Inatokaje?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nguo naijua, plastiki siijui. Nguo ina nyuzi, unaweza kuzilazimisha maji yapite katikati. Plastiki laini ile ina mafuta ndani yake, na rangi ikishaonja mafuta hayo, hasa penye joto, inahamia humo kama mpangaji asiyetoka. Tulijaribu sabuni. Tulijaribu dawa ya kupaushia mashuka. Doa lilikaa tu linatutazama. Hisayo hakuwa na subira. Siku ya tatu alichukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akamwaga kwenye pamba akasugua tumbo. Pamba iliiva nyekundu na yeye akafurahi, kumbe ilikuwa ni plastiki yenyewe inayeyuka. Tumbo likabaki na unyevunyevu wa gundi, na alama ya dole gumba la Hisayo ikachapika pale kitovuni, wazi kama kwenye karatasi za polisi.

Alimrudisha hivyohivyo. Hakuficha.

Chizuru alilitazama lile dole gumba. "Sogea," alisema. "Sogea karibu. Leta mkono."

Hisayo alimpa mkono. Chizuru aliuinamia akauma, chini ya kidole kidogo, akasaga meno mpaka damu ikamtoka mdomoni ikachuruzika kidevuni. Hisayo hakuuvuta. Mama yake Chizuru alipiga ukelele akaja kumvuta binti yake nywele ndipo akaachia.

"Umeshaharibu tumbo," Chizuru alisema, anatema. "Miguu bado. Jaribu tena, mjinga wewe."

Dawa tuliipata kwa bahati, na kwa ugomvi. Msimu ule bosi Tachiki alileta mpiganaji kutoka Marekani, mwanamke mkubwa, Darlene, mwenye chunusi mgongo mzima. Siku moja nikatoa taulo za bweni kwenye mashine, taulo zangu mpya za buluu, nazikuta na mabaka meupe, kama zimelambwa na moto. Nilipanda bwenini nikiwa nimezikunja mkononi kama rungu.

"Nani anamwaga dawa kwenye taulo zangu?"

Hakuna aliyejua. Darlene aliziona, akacheka, akaonyesha mgongo wake, kisha akatoa tyubu ya dawa ya chunusi aliyokuja nayo kutoka kwao. Dawa hiyo, akatueleza kwa vidole na maneno matatu ya Kijapani, inaua chunusi na inaua rangi ya kitambaa. Kwao kila mama anajua, mtu halali nayo kwenye shuka la rangi.

Mimi nilikuwa bado nina hasira za taulo. Hisayo alikuwa ameshainyakua tyubu.

Safari hii alikuwa na akili. Alinunua mwanasesere wa bei rahisi, wa plastiki ileile, akamfunga paja kwa kitambaa chekundu kilicholowa, akamwacha kwenye rafu iliyo juu ya jiko langu la kupashia pasi siku nne mpaka likashika doa. Akalipaka dawa doa lile tu, akalifunika kwa plastiki nyembamba ya kufunikia vyakula isikauke, akamlaza juani kwenye ubao wangu wa kuanikia, darini, juu ya paa la duka. Jioni aliosha. Hakuna kitu. Alipaka tena. Siku ya tatu nyekundu ilikuwa imegeuka waridi. Siku ya tano haikuwepo, na Hisayo aliketi kwenye kizingiti cha dari akajipiga makofi usoni, kulia kushoto, kama walivyokuwa wakijipiga kabla ya kupanda ulingoni.

Kwa mwanasesere wa Chizuru ilichukua siku kumi na tisa. Alijifunza njiani. Dawa isiguse nywele, zinapauka. Isiguse rangi ya midomo na nyusi, inafutika. Usipake nje ya doa, ngozi safi nayo itapauka ikawa kama ukoma. Usiiache juani bila kuikagua. Alikuwa akipaka kwa njiti ya meno iliyozungushiwa pamba, ulimi nje, na ile mikono yake mikubwa, wakati wenzake huko chini bwenini wanatupwa sakafuni mpaka vioo vya madirisha yangu vinatetema.

Alimpeleka Jumapili. Mzee Oike alimwona akija, akaingia karakana akaanza kupiga chuma, hakumzuia. Chizuru alimwambia amlaze mwanasesere mezani, amgeuze chali, amgeuze kifudifudi, anyanyue miguu. Lile dole gumba lilikuwa bado kitovuni, hilo halitoki milele. Lakini wekundu ulikuwa umekwisha.

"Goti la kushoto umezidisha," Chizuru alisema. "Jeupe mno."

"Ndiyo."

"Kuna mwanamke wa Nara nilikuwa naandikiana naye barua kabla sijafanywa gogo. Wake ana soksi nyeusi zimemshika miguu. Nitamwambia amtume. Utamfanyia hapa, mbele yangu, nikuone usizidishe."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, chumba cha mbele cha nyumba ya Oike, mwaka 1986. Chizuru alikuwa macho na mdomo, Hisayo mikono. Hawakuwa wanabembelezana. "Umepaka kama unapaka siagi, mpumbavu." "Na wewe umekaa kama mfalme, hata chai hujanywa, fungua mdomo." Alimlisha, alimwosha, alimbeba mgongoni mpaka bafuni. Bosi Tachiki alipofunga kundi, Hisayo alihamia kabisa.

Chizuru ndiye aliyesema kwamba kuondoa doa ni kazi ya watu waliochelewa. Kila mwanasesere aliyerudi kwa mwenyewe alirudi na karatasi ya maagizo yake, na mimi kama dobi nilichangia. Nguo ya rangi kali, nyekundu, nyeusi, buluu ya usiku, ifuliwe kwa maji ya moto mara nyingi mpaka maji yatoke meupe. Kisha lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu yake, kandamiza pasi ya moto. Kikipata rangi, nguo hiyo haifai, hata ikiwa nzuri vipi. Ikifaa, itiwe bitana nyeupe kwanza. Na mwanasesere asilazwe na nguo. Akitoka kwenye maonyesho avuliwe, afungwe karatasi nyeupe isiyo na maandishi, akae mahali pa baridi. Chizuru alikuwa akiimalizia karatasi ile kwa maneno yaleyale: "Usimwache ndani ya vazi la vita."

Mzee Oike alikufa mwaka 1989. Miaka mitatu alikaa nyumba moja na Hisayo asimsemeshe hata siku moja. Alipokuwa anakata roho aliomba jambo moja, Hisayo asiliguse jeneza lake. Hisayo alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye mvua, mpaka gari likaondoka.

Halafu akaja Bessho.

Bwana Bessho alikuwa muuza wanasesere wa zamani kutoka Kobe, suti nzuri, meno ya dhahabu mawili. Alileta mwanasesere wa toleo la kwanza, mikono yote imeshikwa na sweta ya buluu. Walimtoa doa, lakini Chizuru alimwambia mara mbili, mimi nikiwepo, kwamba rangi iliyozama miaka ishirini huweza kupanda tena kutoka ndani, na amwambie mnunuzi. Bessho hakumwambia mnunuzi. Miezi minne baadaye buluu ikapanda. Mnunuzi huyo, tulisikia, hakuwa mtu wa kudanganywa, na watu wake walimvunja Bessho vidole viwili.

Alikuja Februari 1991, saa tano asubuhi, mkono mmoja umefungwa bendeji, mwingine una fimbo ya gofu. Nilikuwa nimepeleka mashuka ya Chizuru, nimesimama ukumbini.

"Mko wapi, malaya wa plastiki!"

Alianza na rafu. Wanasesere thelathini na kitu wa watu. Pigo la kwanza vichwa viliruka. Pigo la pili kioo cha kabati kilimwagika chumba kizima. Hisayo alisimama kati yake na kiti cha Chizuru, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: alifunga mikono nyuma. Bessho alimpiga fimbo pajani, akampiga begani, akamchapa usoni shavu likafunguka, na mwanamke yule aliyeweza kumvunja kama njiti alikuwa amesimama tu, ameshika mkono wake mwenyewe nyuma ya mgongo, damu inadondokea kwenye mkeka.

"Hisa, mpige!" Chizuru alikuwa anapiga kelele. "Unangoja nini? Mpige huyo!"

"Siwezi."

"Mpige, nakwambia!"

"Na wewe funga bakuli lako, gogo," Bessho alisema, akapiga teke gurudumu la kiti.

Kiti kilipinduka. Chizuru hakuwa na vidole vya kujishikilia. Aliangukia uso, kwenye vioo, na kichwa kiligonga ukingo wa meza.

Hisayo alitoa mikono nyuma. Aliikamata ile fimbo ikiwa hewani akaitupa dirishani na kioo kikaenda nayo. Alimpiga Bessho kiwiko kimoja, meno ya dhahabu yakatoka na mengine ambayo hayakuwa ya dhahabu. Akamkumbatia kiunoni. Akamwinua, akampindua, kichwa chini, suti imemfunika uso, na mimi nikafumba macho kwa sababu mtupo ule nilishauona mara moja.

"Shingo!" Ilikuwa sauti ya Chizuru kutoka sakafuni, mdomo umejaa damu. "Hisa! Shika shingo!"

Nyumba ilitikisika. Nilipofumbua, Bessho alikuwa chali, anahema kama samaki, mbavu tatu zimevunjika. Chini ya kichwa chake kulikuwa na mkono wa Hisayo, umebanwa kati ya kisogo na sakafu, kipande cha kioo kimeuchoma kikatokea upande wa pili. Hakuutoa mpaka polisi walipofika.

Hospitali waliwalaza kwenye vitanda vya jirani, Chizuru na nyuzi kumi na moja usoni, Hisayo na mkono uliofungwa. Mimi nilikuwa nawamenyea machungwa. Chizuru akauliza, akitazama dari, jambo ambalo miaka saba hakuwa amelitaja.

"Siku ile. Ulikusudia?"

Hisayo naye alitazama dari. "Nilikusudia uumie. Nilitaka uumie sana. Hili la shingo sikulikusudia, lakini mkono niliuacha mwenyewe."

"Mh."

"Nilikuwa na hasira, Chizu."

"Najua. Lile kofi nililipiga kusudi. Bosi aliniambia kofi la sikio linatoa damu haraka, na mimi nikataka wewe ndiye uonekane umelia kwanza." Akanigeukia. "Mama Sakae, hilo chungwa unamenya au unalichinja? Nipe."

Nilimpa.

Bessho alifungwa. Kesi ilipokwisha, waliwaandikia wenye wanasesere mmoja mmoja, na Chizuru akiwa anasema na Hisayo anaandika, wakaeleza kilichotokea na kuwalipa waliotaka. Wengi hawakutaka malipo. Walitaka vichwa virudishwe shingoni, basi, na walivirudisha, kazi ya mwaka mzima.

Waliishi pamoja miaka kumi na tano tena. Waligombana kila siku. Figo zilimchukua Chizuru mwaka 2006, Novemba, na safari hiyo Hisayo alibeba jeneza, upande wa kichwani, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

Sasa Hisayo ana umri wa bibi na mgongo mbovu. Dawa ile ya chunusi siku hizi madaktari wa hapa nao wanaiandika, haihitaji tena Mmarekani. Darini kwangu bado ndiko anakoanika, na tumegombana juzi kwa sababu amejaza kamba yote ya upande wa jua na mimi nina mapazia ya hoteli. Alinijibu mapazia hayana haraka. Nimeyaanika upande wa kivuli.